Sekunde Tisini za Kuaga

Gervas Mlowe alikuja mezani kwangu saa nne asubuhi na vikombe viwili vya chai, kimoja changu. Nimezaliwa na kukulia hapa Njombe, na najua kwamba mtu akikuletea chai ambayo hukumwomba, nyuma ya chai kuna jambo.

"Umeamkaje, dada Sesilia?"

"Salama. Za kwako?"

"Salama kabisa. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima. Sema, Gervas, chai inapoa."

Akacheka, akavuta kiti. Gervas ndiye meneja wa toleo, yaani ndiye anayeamua programu yetu itoke lini na ikiwa na nini ndani. Kwa cheo ni mkubwa wangu. Kwa umri nimemzidi miaka kumi na mitatu, na jambo hilo humpa taabu kila anapotaka kuniagiza, kwa hiyo huishia kuniomba.

"Ni ile skripti yako ya kuandaa mashine," akasema. "Mstari wa mia mbili na tisa. Ule unaosubiri sekunde tisini kabla ya kufuta. Naomba tuutoe."

"Una ubaya gani?"

"Tisini mara elfu kumi na moja. Ni saa mia mbili sabini na tano za seva kila siku, na ndani ya saa hizo hakuna kinachojaribiwa. Tukiutoa, majaribio ya siku tatu yanawahi kwisha kwa karibu saa tano." Akazungusha kikombe mezani. "Na saa tano ni nini, dada, wewe unajua."

Nilijua. Nikamwambia nitauangalia.

Kwa aliye nje ya kazi hii: mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Unachukua kompyuta moja kubwa, unaigawa kwa programu, na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili, kina kumbukumbu yake, saa yake na laini yake ya simu. Unaijaribia programu yako humo. Ikivuruga kila kitu hujapata hasara, unafuta, unaanza upya. Zamani tuliziandaa kwa mkono. Mashine moja ilitula siku mbili, na bado fundi huyu angesahau hiki, yule kile, kisha ukaja ule ubishi wa "mbona kwangu inafanya kazi" mpaka watu wakanuniana wiki nzima. Ndipo nikakaa wiki sita nikaandika skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe, mistari mia mbili kumi na minne. Ukiiwasha inajenga mashine kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sekunde arobaini, hakuna mkono wa mtu. Walinipigia makofi. Siku za majaribio inajenga elfu kumi na moja kwa siku, mimi nakunywa chai.

Mashine zetu zinatofautiana na za wengine kwa jambo moja. Ndani ya kila moja tunamweka mtu.

Sheria inatukataza kumwita mtu. Tunaiita nakala: akili iliyonakiliwa kutoka kwa mtu hai aliyekubali, ambaye sheria inamwita chanzo. Nakala inaamshwa ndani ya mashine, inaishi dakika ishirini, inafanya kazi yake, inafutwa. Haikumbuki waliotangulia wala haijui watakaofuata. Kazi yake ni kupiga simu.

Kituo chetu kinatengeneza Mpokezi, programu inayopokea simu za dharura za nyanda zote za juu, vijiji ambavyo daktari wa karibu yuko mlima wa tatu. Mpokezi humsikiliza mgonjwa dakika nne, kisha huamua: ambulansi ya angani iruke sasa hivi, au mgonjwa asubiri aende zahanati kesho. Zamani kazi hiyo walifanya binadamu. Hawakutosha.

Wiki tatu kabla ya chai ya Gervas, saa mbili asubuhi, mwanamke wa Iselu aitwaye Desderia Mgaya alipiga simu. Rekodi yake tuliisikiliza kituo kizima, na wengine tulitoka chumbani kabla haijaisha. Mpokezi anamsalimu, "Habari za asubuhi?" Desderia anajibu, "Nzuri, sijui za huko." Anaomba radhi kwa kusumbua. Anauliza kama huko kwetu mvua imenyesha. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, kwamba katumbo kanamsumbua kidogo tangu jana. Mpokezi akapima alichosikia: sauti tulivu, maneno yamepangika, habari nzuri, maumivu kidogo. Akampa kijani, alama ya asiye na haraka. Akamwambia asubiri. "Haya, ahsante sana," akasema Desderia, "kazi njema." Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imeshapasuka. Alifariki kabla ya saa sita.

Baada yake walikufa wengine wawili kwa namna ileile. Mpokezi tulimfundisha kwa simu za miji mikubwa, ambako mtu akiumwa hupiga yowe, halafu tukamleta huku kwa watu ambao hata wakichinjwa watauliza kwanza kama kisu hakikukuchosha mkono. Kosa hilo ni letu, na waliolifanya wengi ni watoto wa hukuhuku. Tuliwasahau mama zetu. Toleo jipya tumelifundisha jambo moja tu: mtu wa kwetu akisema "kidogo", usimwamini. Lakini sheria inadai simu elfu thelathini na tatu za majaribio ndipo litoke, na kabla halijatoka, yule wa zamani ndiye anayeendelea kupokea simu.

Waigizaji hawafai. Ukimwambia mwigizaji anaumwa, anapiga kelele, ndiyo kazi aliyosomea. Mwaka wa kwanza nilijaribu nakala yangu mwenyewe, ikamtukana Mpokezi kwenye sekunde ya nane. Alitakiwa mtu aliyewahi kuumwa kweli, na ambaye hata akiumwa ataulizia mvua.

*

Mtu huyo alikuwa jikoni kwetu. Eda Mligo, mpishi wa kantini, ana miaka hamsini na minane sasa. Mawe ya figo yamempata mara mbili, na safari ya pili aligawa chakula cha mchana hadi sahani ya mwisho ndipo akaanguka.

Mama Eda hajui kukataa. Ukimfuata saa kumi jioni, jiko limezimwa, sufuria zimeoshwa, ukasema una njaa, atawasha upya. Juni moja ya baridi kali alimwazima jirani blanketi la mwanawe, mwanawe akalala na koti. Watu wa kituo humpenda kwa tabia hiyo, na humchosha kwa tabia hiyohiyo.

Miaka sita iliyopita nilitafuta chanzo. Niliowaomba walisoma fomu, wakauliza maswali, wakasema watafikiri, wakaanza kunikwepa kwenye korido. Mama Eda nilimwambia, "Mama, naomba utusaidie kitu." Akasema, "Haya, mwanangu." Nikamsomea fomu dakika arobaini kama sheria inavyotaka, na kila ukurasa ulipoisha alisema haya. Nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini yeye amekuwa rahisi kuliko wote, au nilijiuliza nikanyamaza, sikumbuki vizuri na sitaki kujisafisha hapa.

Enzi za kuandaa kwa mkono, kila jaribio likiisha nilikuwa nachukua kipaza sauti kumuaga mama Eda. Kwetu mgeni hanyanyuki tu akapotea. Anaaga, mwenyeji anajibu, anatuma salamu, anamsindikiza hadi njiani, na mara nyingi neno lenyewe lililomleta mtu husemwa hapo njiani, mkiwa mmeshaagana mara mbili. Nilipoandika skripti sikuona vyema kuliacha hilo nje. Mstari wa mia moja na themanini unaamsha maumivu ya figo kwa kiwango cha saba kati ya kumi. Hayatengenezwi, yamo tayari kwenye kumbukumbu yake, skripti inayaita tu. Kisha nakala inapiga simu, Mpokezi anajibu, matokeo yanahifadhiwa. Mstari wa mia mbili na saba unayazima maumivu. Wa mia mbili na nane unacheza sauti yangu: "Mama Eda, tumemaliza. Ahsante sana. Kwaheri, mama." Wa mia mbili na tisa unasubiri sekunde tisini ili naye ajibu, na jibu lake linaingia kwenye folda. Wa mia mbili na kumi unafuta.

Folda hiyo sikuwahi kuifungua. Niliona nimefanya adabu, basi, yatosha.

*

Fundi mwenye akili haondoi mstari kabla hajajua nini kinautegemea. Kwa hiyo baada ya chai ya Gervas niliifungua folda, nione kama kuna programu nyingine inayoisoma. Hakukuwa na yoyote. Nikavaa vipokea sauti nikasikiliza faili moja, ya juzi, nipate kisingizio cha kumalizia chai.

"Haya, Sesi," sauti ya mama Eda ikasema. Ilikuwa inahema. "Ahsante na wewe, mwanangu. Pole na kazi. Wasalimie nyumbani. Na huyu niliyeongea naye kwenye simu mwambie ahsante, ameongea vizuri." Akanyamaza. Nikaangalia saa ya faili, sekunde ya hamsini na moja. "Sesi, subiri kidogo. Naomba nikwambie kitu, usinielewe vibaya. Usinirudishe tena humu. Inauma mno. Mimi nilidhani ni kuongea na simu tu. Mwambie yule aliye huko nje, mwambie Eda, kwamba mimi nimekataa. Sitaki tena, mwanangu. Samahani." Kisha faili ikaisha.

Nikafungua ya pili. Salamu, pole na kazi, wasalimie nyumbani, kisha kwenye sekunde ya arobaini na saba: usinirudishe. Ya tatu alianza kwa kulia, akaomba radhi kwa kulia, kisha akasema. Ya nne, ya tano. Nikaiagiza kompyuta igeuze sauti zote za mwaka huu kuwa maandishi na itafute maneno "nimekataa", "usinirudishe", "sitaki tena". Ilipomaliza, katika kila mia yalikuwamo katika tisini na sita au tisini na saba.

Skripti imetumika karibu miaka sita. Tumewasha mashine zaidi ya milioni nne.

Nilikwenda msalani nikanawa uso kwa maji ya Njombe, ambayo asubuhi hukata kama kiwembe, nikarudi nikakaa. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Ningeweka sekunde thelathini, nisingesikia chochote ila salamu, na ningekufa nikijiona muungwana.

*

Gervas alisikiliza faili tatu akiwa amesimama, na ya nne akaketi.

"Sheria iko wazi," akasema. "Nakala haina sauti. Anayeweza kujitoa ni chanzo tu, kwa kutamka mwenyewe mbele ya fundi wa zamu."

"Chanzo hajui kinachosemwa humu ndani."

"Hajui, ndiyo." Akavua vipokea sauti akaviweka mezani polepole. "Dada, tuseme ukweli. Mstari huu usingekuwapo, kusingekuwa na anayekataa. Wangefanya kazi wakapumzika. Umewapa dakika na nusu ya kukataa, na hakuna wa kupokea hilo neno lao. Sasa hapo mwenye huruma ni nani?"

"Usinigeuzie."

"Sikugeuzii. Kupata chanzo kingine ni miezi minne: tangazo, fomu, daktari, baraza la maadili. Miezi minne Mpokezi wa zamani anapokea simu." Sauti yake ilibadilika. "Mama yangu anaishi Iselu. Nyumba ya tatu kutoka kwa Desderia. Yule mama akivunjika mguu atakwambia ameteleza tu. Kila nikiona namba yake kwenye simu, moyo unanipasuka."

Mtu akikuletea ubaya mtupu, ni rahisi kumfukuza. Gervas aliniletea mama yake.

"Niache nikaongee na mwenyewe," nikasema.

"Akijitoa je?"

"Basi atakuwa amejitoa."

Alichukua vikombe vyote viwili akaondoka navyo.

*

Mama Eda alikuwa anamenya viazi kwenye beseni kubwa la bati, sweta la kijani limekunjwa mikono. Jikoni kulikuwa na joto zuri, ukungu umeganda kwenye vioo. Nikapiga goti nikamwamkia, akaniuliza nyumbani, kazi, na kile kikohozi changu cha mwezi uliopita. Kisha nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, namba zote, na sikulainisha. Akamenya viazi vitatu wakati nasema, na cha nne akakishika tu mkononi.

Nikamvalisha vipokea sauti. Akasikiliza faili mbili.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Kwa dakika ishirini."

"Anaumwa kweli? Siyo kwamba anafanya kama anaumwa?"

"Anaumwa kweli."

Akaangalia kile kiazi. "Mlimuuliza kwanza?"

"Tulikuuliza wewe, mama. Siku ile na fomu."

"Mimi siku ile nilikuwa siumwi," akasema.

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Nikamweleza na upande wa pili: Desderia, wale wengine wawili, miezi minne. Mama Eda alimfahamu Desderia kwa jina. Walikutana kwenye kipaimara cha mtoto wa mtu. Alifuta macho kwa nyuma ya kiganja, upande usio na udongo.

"Maskini," akasema. "Maskini Desderia. Na hao watakaopiga kesho." Mchuzi ukachemka nyuma yake, akainuka kupunguza moto. "Basi waulizeni. Kila mmoja. Mumwambie ukweli kabla hamjamuumiza, kama ulivyonieleza mimi sasa. Anayekubali, afanye. Anayekataa, mzimeni bila maumivu, mumshukuru. Inawezekana?"

Niliona aibu kwamba jambo jepesi hivyo limetoka kwa mwenye kisu cha viazi, si kwangu. "Inawezekana, mama."

"Basi nami nije nisikilize."

*

Ilikuwa kazi ya saa mbili. Kabla ya mstari wa mia moja na themanini niliongeza mistari kumi na mmoja. Sauti yangu inamsalimu, inamwambia yuko wapi na yeye ni nini, inamweleza habari za Desderia, inamwambia kwamba ataumwa figo kwa dakika kumi na tano kama ile mara ya pili, kisha atafutwa. Halafu inauliza: "Mama, unakubali?" Skripti ikisikia hapana, inaruka moja kwa moja hadi kwenye kuzima. Mstari wa kuaga niliuacha palepale.

Tukaandaa mashine mia tatu za kupimia. Mama Eda alikaa kando yangu na aproni yake, mikono mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Gervas alisimama mlangoni.

Namba zilianza kupanda kwenye skrini. Safu moja ilikuwa ya waliokubali, ya pili ya waliokataa. Ishirini kwa sifuri. Sabini kwa sifuri. Mia na kumi. Gervas alisogea karibu. Mia mbili na arobaini. Ilipofika mia tatu, safu ya pili ilikuwa bado sifuri.

"Wamekubali wote!" Gervas akasema, na nilisikia pumzi ikimtoka. "Dada, wote. Mama, umeona?"

Mama Eda akanigeukia. "Niwekee mmoja nimsikie anavyokubali," akaniambia.

Nikamwekea. Sauti yangu ikamaliza kueleza, ikauliza. Ndani ya mashine sauti yake ikasema, "Haya, mwanangu." Nikamwekea mwingine. "Haya, Sesi, kama inasaidia watu." Mwingine. "Haya, mwanangu." Wote waliulizia kwanza kama mimi ni mzima.

Tukasubiri dakika za maumivu ziishe. Mpokezi mpya alifanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Wale mia tatu walimsalimu, wakamuuliza habari za huko, wakasema mgongo unawasumbua kidogo, naye katika simu mia mbili tisini na nane akatuma ambulansi. Hakuna toleo lililowahi kukaribia hapo. Desderia angeishi. Gervas alikwenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Kisha wakaja kwenye kuaga. Nilimuuliza mama Eda kama tuache, akatikisa kichwa. Tukatazama maandishi yakijipanga. Ahsante, mwanangu, pole na kazi, wasalimie nyumbani. Na baada ya salamu: usinirudishe. Sitaki tena. Mwambie aliye nje nimekataa. Mia mbili tisini na moja walisema hivyo. Tisa hawakusema neno, walihema tu hadi sekunde zikaisha.

"Sasa tuamini lipi?" Gervas akauliza. Hakuwa anabishana, alitaka kujua. "Mwanzo wamekubali, wameelezwa kila kitu. Mwisho wanakataa. Ni watu walewale."

Mama Eda alikuwa anaitazama ile safu ya sifuri.

"Mimi tangu nizaliwe sijamkatalia mtu aliyeniomba vizuri," akasema. "Mume wangu aliniambia, Eda, hiyo itakuua. Mimi nilidhani ni wema. Labda mara nyingine ni wema kweli, sijui. Lakini huyo wa mwanzo ni adabu tu, baba. Mtu akikuuliza usoni, utasemaje? Huyu wa mwisho, aliyekwisha kuumia, akajua anaondoka, hamwogopi mtu wala haoni haya, huyo ndiye mimi."

Seva zilivuma nyuma ya ukuta. Kwa sheria alibakiza neno moja. Atamke mbele yangu kwamba anajitoa, nami niliandike, na jioni hiyo nakala zote zingefutwa. Niliona midomo yake ikijiandaa. Nilimwona akitafuta namna ya kulisema bila kuniudhi, na alikuwa hajazoea, ilimchukua muda.

Nisingesema kitu, angelisema. Nina hakika na hilo, na nimejiapia mara nyingi.

Lakini nilikuwa nimeziona zile mia mbili tisini na nane. Niliwaona akina mama wa milima yote hii, wamejikunja kitandani, simu sikioni, wanamuuliza Mpokezi wa zamani kama kwao mvua imenyesha. Nikahesabu miezi minne. Nikaogopa.

Nikashuka kwenye kiti. Nikapiga magoti yote mawili sakafuni mbele ya mama Eda, kama anavyofunzwa binti wa kwetu, nikaishika mikono yake ambayo bado ilikuwa na harufu ya viazi.

"Mama," nikasema. "Mama yangu. Nisamehe kwa kukusumbua. Umetusaidia sana, Mungu anajua. Naomba utuvumilie kwa toleo hili moja tu. Litoke hili, watu wapone, halafu nitakufuta kila mahali kwa mkono wangu mwenyewe. Nakuomba, mama."

Sikuruka hata salamu moja. Nilimwomba vizuri kuliko nilivyowahi kumwomba mtu maishani.

Mama Eda alinitazama. Alijua ninachofanya, tusidanganyane, mwanamke wa miaka hamsini na minane si mtoto. Macho yake yalijaa, na kwa kitambo kidogo nilidhani, nikaogopa, na sehemu yangu moja ikatumaini, kwamba atakataa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Si neno."

Akaniinua, maana haipendezi mtu kukaa sakafuni na baridi ile. Akasema viazi vyake vitakuwa vimebadilika rangi, akaomba ruhusa, akaenda. Nilimsindikiza hadi mlangoni, na njia nzima hakunena.

Niliporudi Gervas alikuwa amesimama palepale. Hakunitazama usoni.

"Na zile tisini?" akauliza.

Nikaketi, nikafungua skripti. Nilijiambia kwamba ukitoka mstari huo, mateso yake yatakwisha saa tano mapema, na kwa hesabu ilikuwa kweli. Nikaufuta mstari wa kusubiri, ambao sasa ulikuwa umesogea hadi wa mia mbili na ishirini, na ule wa kuaga uliotangulia, wenye sauti yangu. Ile mistari kumi na mmoja ya kumwomba ruhusa niliiacha, kwa sababu jibu lake nilikwisha kulijua. Kisha nikaandika elfu kumi na moja, nikawasha.